Matembezi ya Siku Moja Lake District: Anza na Goti la Bibi

Mwezi Mei mwaka juzi nilimwacha mama yangu peke yake juu ya jiwe, katikati ya mlima wa Catbells, nikaendelea kupanda. Alikuwa na miaka 66, goti lake la kulia lilikuwa limeanza kuvimba, na Kiingereza chake kilikuwa cha salamu tu. "Nendeni, mtanikuta hapa hapa," alisema. Tukaenda. Binti yangu wa miaka 9 alikuwa anakiona kilele kwa macho yake, mume wangu alishatangulia, na mimi nilikuwa na mdogo wake mgongoni kwa kanga. Nikajiambia ni dakika 20 tu.

Zilikuwa dakika 50. Tukiwa kileleni tunapiga picha, ukungu ukashuka. Ukaficha ziwa, ukaficha njia, ukamficha na Mama. Tuliporudi tulimkuta na wanawake wawili wa Kiingereza, watu wazima kama yeye, wamemvika koti lao na kumshikisha kikombe cha chai. Walikuwa wanashuka, wakamkuta anatetemeka, wakaona si vizuri kumpita. Hawakunigombeza. Mmoja aliniuliza tu kama huyu ni mama yangu. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi wodini miaka 12, kwanza Tanzania kisha hapa Uingereza, na siku ile sikuwa na neno zaidi ya kuitikia ndiyo.

Ninaandika haya kwa sababu najua majira ya joto yanapokaribia, wengi wetu tunapokea wazazi kutoka nyumbani. Tiketi tumeihangaikia, viza tumeihangaikia, na mzazi akishafika tunataka kumpeleka mahali pazuri. Kwa sisi tunaoishi kaskazini mwa Uingereza, mahali hapo mara nyingi ni Lake District. Panafaa kweli. Lakini panafaa kwa mwenye kuchagua, na sisi siku ile hatukuchagua. Tulikwenda tu.

KOSA LILIVYOANZA

Lake District ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1951, na mwaka 2017 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ni nchi ya milima na maziwa iliyobanana katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,360, yenye mabonde ya kijani, kuta za mawe zilizopangwa bila saruji, na kondoo kila mahali. Mlima mrefu kuliko yote Uingereza, Scafell Pike, uko humo. Una mita 978.

Mama yangu ni mtu wa Mlalo, huko Usambara. Mji wa Lushoto peke yake uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400. Nilipomwambia habari za Scafell Pike alicheka. "Kwa hiyo mlima wenu mkubwa kuliko yote ungekaa chini ya soko letu?" Nami nilicheka, na hapo ndipo kosa lilipoingia. Catbells ina mita 451. Kwa mwanamke aliyepanda na kushuka milima ya Usambara maisha yake yote, mzigo wa kuni kichwani, mita 451 niliziona ni kichuguu. Na kila mtu niliyemuuliza kazini aliniambia Catbells ni mlima wa familia.

Ni kweli ni wa familia, ila ni familia ambayo magoti yote yanafanya kazi. Mita za mlima huhesabiwa kutoka usawa wa bahari. Hazikuambii utapanda kiasi gani kuanzia pale unaposhuka kwenye gari, wala njia ni ya namna gani. Kutoka Hawse End, ambako wengi huanzia, unapanda zaidi ya mita 300 katika umbali mfupi, njia inaanza kwa mteremko mkali tangu hatua za mwanzo, na karibu na kilele kuna mahali unashika mwamba kwa mikono. Mama alikuwa amevaa viatu vya raba na kitenge juu ya suruali.

Kuna jambo lingine lililonichukua muda mrefu zaidi kulikubali. Yule mwanamke wa mzigo wa kuni kichwani alikuwa na miaka 50 hivi. Niliondoka nyumbani na picha yake, nikaitunza, na kwa miaka yote ya kuongea kwa simu sikuibadilisha. Kwenye simu goti halionekani. Mama wa kwenye kichwa changu hakuzeeka, na huyo ndiye niliyempeleka Catbells.

Kushuka kulituchukua saa mbili na nusu. Mume wangu alitaka kumshika mkono, Mama akakataa. Kwao mama mkwe hamwegemei mkwewe. Akashuka kwa makalio sehemu za mwamba, huku mimi niko mbele yake na mtoto mgongoni, namwonyesha pa kuweka mguu. Kwenye gari hakusema kitu. Nyumbani alisema moja tu: "Usiwasimulie wa kwetu."

Baada ya hapo hakutoka kwa wiki tatu. Nikirudi kutoka zamu ya usiku namkuta amekaa kwenye kochi, pazia limefungwa, televisheni inaongea peke yake. Sukari yake, ambayo ilikuwa saba asubuhi alipofika, ikapanda hadi 11. Nikimwambia twende hata bustanini ananijibu, "Mlima wa kwetu naupanda kwa sababu shamba liko juu. Huu wenu una nini juu?" Siku moja akamwuliza mume wangu kama tiketi inaweza kubadilishwa arudi mapema. Alikuwa bado na miezi minne.

SWALI LA KWANZA: NANI ANAKUJA?

Mfanyakazi mwenzangu, ambaye mume wake anatumia kiti cha magurudumu, ndiye aliyenifungua macho. Alinionyesha kwamba mamlaka ya hifadhi imeorodhesha njia zipatazo 50 inazoziita Miles without Stiles. Stile ni vile vingazi vya mbao au mawe vya kuvukia kuta na nyua za mashamba. Katika njia hizi havipo; kuna mageti yanayofunguka na njia iliyotengenezwa.

Njia hizo zimepangwa kwa madaraja. Zipo za wote, ambazo hata mtu anayejisukuma mwenyewe kwenye kiti cha magurudumu ataziweza: njia ni laini, na mteremko hauzidi mita moja ya kupanda kwa kila mita 10 za kwenda. Zipo za wengi, zinazofaa kiti cha magurudumu chenye msukumaji, au kigari cha mtoto chenye magurudumu imara. Na zipo za baadhi, kwa wenye nguvu na uzoefu zaidi.

Kilichonigusa ni namna walivyopanga. Mimi nilianza na mlima, kisha nikatafuta wa kumpandisha. Wao wameanza na mtu. Jumapili moja tukakaa mezani na karatasi tukaandika wanaokuja: Bibi, goti la kulia, sukari na presha. Mtoto wa miaka miwili, anatembea dakika 10 kisha anataka kubebwa. Dada yake, ana nguvu ya mbuzi na uvumilivu wa dakika tano. Baba, anataka kilele. Mama, ametoka zamu tatu za usiku. Njia ya siku hiyo ni lazima imfae aliye dhaifu kuliko wote siku hiyo, na wakati mwingine huyo ni mimi.

Tangu hapo, kabla ya kuchagua njia najiuliza mambo manne.

Kwanza, mtu huyu anatembea kiasi gani sasa, wiki hii? Mpime kwa kutembea naye mtaani. Kama anakwenda nusu saa kwenye tambarare bila kusimama na bila maumivu, mpe njia ya nusu saa yenye benchi, si ya saa tatu. Huko njiani, kipimo ni mazungumzo. Akiweza kukusimulia habari huku anatembea, huo ni mwendo wake. Akianza kujibu kwa neno moja moja, punguzeni au kaeni.

Pili, kushuka kukoje? Watu huogopa kupanda kwa sababu ya pumzi. Wenye goti bovu huumizwa zaidi na kushuka, na kushuka huja mwishoni, wakati misuli imechoka. Fimbo mbili za kutembelea hupunguza mzigo wa magoti. Mama alizikataa kwa siku moja, kisha hakuziachia tena.

Tatu, itachukua muda gani kwa kweli? Waingereza wana kanuni ya Mskoti mmoja aitwaye Naismith, aliyeitoa mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita tano, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa kanuni hiyo, kupanda na kushuka Catbells ni chini ya saa mbili. Sisi tulitumia zaidi ya tano. Kanuni hiyo ni ya mtu mzima mwenye afya asiyesimama kunywa chai. Ukiwa na bibi na mtoto, zidisha mara mbili au tatu, na hapo ndipo utaona kama jua litakutosha. Mwezi Juni giza halitakusumbua. Mwezi Desemba jua linazama kabla ya saa 10 jioni.

Nne, tunaweza kurudi kutoka mahali popote? Njia ya kwenda na kurudi palepale ina heshima yake: anayechoka anageuka. Njia ya kuzunguka ni nzuri kwa macho, lakini ukishapita nusu, kurudi na kuendelea ni sawasawa.

NJIA TULIZOZIPITA

Ya kwanza baada ya kosa langu ilikuwa Tarn Hows, karibu na Coniston. Ni binti yangu aliyemshawishi bibi yake. "Bibi, huku hakuna mlima. Kuna ziwa tu." Njia inalizunguka ziwa dogo kwa kilomita tatu hivi, imetengenezwa vizuri, ina vipandio vidogo, misonobari pande zote na milima mikubwa imekaa kwa mbali kama picha ukutani. Maegesho na vyoo viko hapo hapo. Ziwa lenyewe limetengenezwa kwa sehemu na mikono ya watu katika karne ya 19, na eneo hilo lilipita mikononi mwa Beatrix Potter, mwandishi wa vitabu vya watoto, mwaka 1930, kisha likaingia kwenye shirika la National Trust linalolitunza hadi leo.

Tulitumia saa mbili. Mama alikaa kwenye kila benchi. Kwenye la tatu aliwatazama kondoo waliopakwa rangi mgongoni akauliza, "Hawa hawana mchungaji?" Nikamweleza rangi ni alama ya mwenyewe, na wengine, wale wa kijivu wenye uso mweupe, ni kondoo wa huku huku wanaoitwa Herdwick, huzaliwa weusi kisha hubadilika. Akafikiri. "Na hawaibiwi?" Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki tatu kumsikia akiuliza kitu kisichohusu tiketi.

Friar's Crag, pale Keswick. Hii ni kwa siku ambayo mtu hana nguvu kabisa, au umetoka zamu ya usiku. Kutoka gati la boti unatembea kidogo tu kando ya ziwa la Derwentwater, njia tambarare, mpaka kwenye ncha ya mwamba yenye benchi. Mbele yako kuna visiwa, na ng'ambo ya ziwa ni Catbells yenyewe. Mama aliitazama muda mrefu. "Ndiyo ile?" Ndiyo. "Mbona ndogo." Siku hiyo tulipanda boti ya kuzunguka ziwa, kwa asiyeweza kutembea, boti ni matembezi kamili.

Njia ya reli, Keswick hadi Threlkeld. Treni ilikufa mwaka 1972, ikabaki njia ya kilomita tano hivi kando ya mto Greta. Mafuriko ya Desemba 2015 yalibomoa madaraja, na ilifunguliwa tena Desemba 2020, sasa ikiwa na lami, madaraja na handaki la zamani lililofukuliwa. Kwa kigari cha mtoto, kiti cha magurudumu na baiskeli ya kujifunzia, sijaona inayoishinda. Si lazima umalize. Tulikwenda mpaka daraja la pili, tukala chapati na mayai, tukarudi.

Buttermere. Hii ni kwa bibi aliyeshapata mazoezi. Kuzunguka ziwa ni kilomita saba hivi, karibu yote tambarare, lakini kuna mawe na mizizi, kwa hiyo viatu viwe na meno. Upande mmoja njia inapita ndani ya handaki fupi lililochongwa kwenye mwamba, na watoto hupiga kelele humo mpaka wachoke. Tuliifikia mwezi Agosti. Mama alitembea kilomita nne, kisha mimi nikafuata gari.

Orrest Head, Windermere. Hii ni kwa wasio na gari. Unashuka kwenye treni stesheni ya Windermere, unavuka barabara, na njia inaanzia hapo. Kilele kina mita 238 tu, unapanda polepole katikati ya miti, na ukifika unaliona ziwa la Windermere, refu kuliko yote Uingereza, limelala chini na milima nyuma yake. Alfred Wainwright, aliyekuja kuandika na kuchora vitabu vya kuongozea wapanda milima wa huku, alipanda hapa mwaka 1930 akiwa kijana wa miaka 23 kutoka Blackburn, na hapo ndipo alipoipenda milima hii. Ni kupanda kweli, kwa hiyo si ya siku ya kwanza.

Kwa wenye nguvu ipo milima yao. Catbells kwa watoto wanaopenda kutambaa kwenye mawe. Haystacks, mita 597, kutoka Buttermere. Helvellyn, mita 950, ambako ukingo wa Striding Edge si mahali pa kumpeleka mgeni wala mtoto, na wakati wa barafu watu wamepoteza maisha pale.

KUGAWANA BILA KUACHANA

Mume wangu anapenda vilele, na si haki avinyimwe miezi sita. Tulichojifunza ni hiki: tukigawana, tunagawana tangu kwenye maegesho. Hakuna kugawana katikati ya mlima. Siku ya Buttermere, yeye na binti yetu walikwenda Haystacks. Mimi, Mama na mdogo tulikwenda kando ya ziwa. Tulikubaliana saa ya kukutana, mahali pa kukutana, na kwamba wakichelewa zaidi ya saa mbili nitapiga simu ya msaada. Mtandao wa simu kwenye mabonde yale ni wa kubahatisha, kwa hiyo makubaliano ni ya mdomo, kabla hamjaachana.

Na aliye dhaifu haachwi peke yake. Hata akisema "nendeni." Hasa akisema "nendeni." Wazazi wetu wamezoea kujitoa ili watoto wafurahi, neno hilo kwao ni upendo, si taarifa ya afya. Mgonjwa wodini akiniambia hana maumivu huku ameuma meno, simwamini. Mama nilimwamini kwa sababu ilinifaa kumwamini.

CHA KUBEBA, CHA KUULIZA

Hapa nasema kama muuguzi.

Mzazi mwenye presha anayetumia dawa ya kukojosha usimnyime dawa kwa sababu ya safari bila kumwuliza daktari wake. Chagua njia yenye choo, basi. Vyoo ni sababu kubwa kuliko magoti inayowafanya wazee wakatae kutoka, na hawatakuambia.

Mwenye kisukari abebe kipimo chake na kitu kitamu mfukoni mwake mwenyewe, si kwenye mkoba wa mtu aliyetangulia. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari asitembee bila kula. Jioni mkague nyayo. Lengelenge dogo kwa mwenye kisukari si dogo.

Nguo: acha jinsi na pamba tupu. Vikilowa havikauki na vinanyonya joto la mwili. Vaeni tabaka tabaka, koti la mvua juu, kofia na glovu hata Julai, maana joto hushuka kama nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, na upepo unaongeza yake. Anayekaa kupumzika hupoa haraka kuliko anayetembea. Blanketi la bibi liwe ndani ya mkoba, si ndani ya gari. Chai iwe kwenye chupa ya chai. Betri ya simu ijae, ramani ya karatasi iwepo, na filimbi.

Kabla ya kutoka, soma utabiri wa hali ya hewa wa milimani, si wa mjini. Kijiji cha Seathwaite, katika milima hii hii, kinajulikana kama mahali penye mvua nyingi kuliko pote panapokaliwa na watu Uingereza.

Likitokea la kutokea, piga 999, omba polisi, kisha waambie unahitaji mountain rescue, waokoaji wa milimani. Ni watu wa kujitolea na hawadai malipo. Pasipo na mtandao, piga filimbi mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Kifua kinachobana, jasho baridi, kizunguzungu, kuongea kusikoeleweka: hapo hakuna kusubiri kuona. Na mzazi aliye kwenye viza ya kutembea awe na bima ya safari, kwa sababu huduma ya dharura ya mwanzo hospitalini ni bure, lakini akilazwa mgeni anaweza kudaiwa.

Mwisho, amueni mapema mtageuka saa ngapi. Saa hiyo ikifika, mnageuka, hata kama kilele kiko pale.

JUMAMOSI YA MWISHO

Mama hakubadilisha tiketi. Sukari ilianza kushuka mwezi Julai, si kwa muujiza, alikuwa anatembea. Akaanza yeye kuniuliza, "Jumamosi hii una zamu?" Alikuwa na daftari la binti yangu, humo wakiandika njia walizopita na idadi ya mabenchi.

Wiki moja kabla ya kuondoka, mwezi Septemba, nilimwambia achague yeye. Akachagua Orrest Head, kwa sababu alitaka kupanda treni. Tulianza saa nne asubuhi. Watu walitupita, mbwa walitupita, mzee mmoja mwenye bakora alitupita akasalimia. Mama alikwenda kwa fimbo zake, hatua tano, anasimama, anatazama miti. Mara mbili nilimwambia tunaweza kugeuka. Mara ya pili akaniambia, "Nikichoka nitasema. Safari hii nitasema." Nikanyamaza.

Kileleni alikaa kwenye benchi akavua viatu. Ziwa lilikuwa wazi, boti zinakwenda na kurudi. Binti yangu akamwonyesha vilele kimoja kimoja kwenye ile bamba inayoonyesha majina yake. Mama akawa anatikisa kichwa, kisha akamwambia kwamba kule Mlalo kuna mahali pa kukaa hivi, unaona mashamba yote hadi chini, na kwamba akija likizo atampeleka.

"Ni mbali, Bibi?" akauliza.

"Kwa miguu yangu, saa moja na nusu," Mama akasema. "Zamani ilikuwa nusu saa."

Nililiandika hilo kwenye daftari, chini ya Orrest Head. Desemba hii tunakwenda nyumbani, na njia ya Mlalo tumeshaipangia muda: saa moja na nusu kwenda, na kurudi saa mbili, kwa sababu ni kushuka.